Naamini, Namwamini: Silabi Inayobeba Imani ya Kikristo

Kanuni ya Imani husemwa kwa pumzi chache. Waumini husimama, huanza pamoja, na dakika haijaisha wamekwisha kupita kuumbwa kwa mbingu na nchi, kuzaliwa kwa Kristo, kifo chake, ufufuko wake na hukumu ya mwisho. Wanasema "Amina" na kuketi. Aliyeikariri tangu utotoni anaweza kuitamka yote bila kosa huku akijiuliza kama alifunga mlango alipotoka nyumbani. Nalijua hilo kwa sababu nimelifanya mara nyingi.

Kutokana na wepesi huo, watu wengi wamezoea kuigawa dini yao mafungu mawili. Kuna mafundisho, ambayo ni ya kukariri na ya wataalamu kubishania, halafu kuna maisha, yaani kuwa mtu mwema, kusaidia wenye shida na kutosema uongo. Ukimuuliza mtu wa namna hii fundisho la Utatu lina kazi gani siku ya Jumatatu, atacheka. Mimi naona mgawanyo huo umekosea, na nadhani lugha yetu yenyewe inaukataa.

Tazama kitenzi cha kwanza. Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti Kanuni huanza hivi: "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi." Haisemi "naamini kwamba Mungu yupo." Kati ya "naamini" na "namwamini" kuna tofauti ya silabi moja tu, ile *mwa* yenye alama ya mtendwa, yule anayeaminiwa, lakini imebeba karibu kila kitu. Naweza kuamini kwamba jirani yangu yupo, ana umri fulani na anafanya kazi fulani, nisiwe na uhusiano wowote naye. Nikisema namwamini, maana yake nimempa ufunguo wa nyumba. Wakatoliki hutumia kitenzi kingine, "Nasadiki kwa Mungu," na hapo kazi ya silabi ile hufanywa na "kwa": mtu haridhiki na habari fulani tu, anajielekeza kwa mwingine.

Maneno haya yana ndugu zao pia. Imani, amini, amana, amani na uaminifu yote yametoka katika mzizi mmoja wa lugha za Kisemiti, na "Amina" ya mwisho wa sala, iliyotoka kwa Kiebrania, ni ya ukoo huohuo. Kusadiki nako kuna ndugu yake, sadaka. Kwa hiyo anayesema "nasadiki" ana sadaka mlangoni, na anayesema "naamini" ana uaminifu na amana. Tena Kiswahili kimeipa imani maana ya pili ambayo lugha nyingi hazina: mtu asiye na huruma tunasema hana imani. Wazee waliolisema neno hilo hawakuwa wakiandika teolojia, lakini walikuwa wamemwelewa Yakobo.

Yakobo ndiye aliyeandika kwamba imani bila matendo imekufa. Akaongeza jambo la kutisha zaidi: hata mashetani wanaamini kwamba Mungu ni mmoja, nao wanatetemeka. Kwa maneno mengine, mashetani hawana tatizo la mafundisho. Wangeulizwa maswali ya katekisimu wangepata alama zote. Kinachokosekana kwao ni ile silabi.

Hapa ndipo fundo kubwa la historia ya Ukristo lilipo, maana Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, na Yakobo akaandika kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake. Ukiziweka sentensi hizo mbili, moja ubavuni pa nyingine, zinapigana waziwazi. Martin Luther, ambaye hoja zake za mwaka 1517 ziliwasha moto wa Matengenezo yaliyozaa Uprotestanti, alishikilia upande wa Paulo kiasi cha kuuona waraka wa Yakobo kuwa dhaifu. Kanisa Katoliki nalo lilisisitiza kwamba imani isiyozaa upendo haiokoi. Watu walitengana kwa hilo kwa karne nyingi.

Lakini angalia kila mmoja alikuwa akizungumza na nani. Paulo anajibu watu wanaotaka kumletea Mungu vyeti: nimetahiriwa, nimeshika sheria, kwa hiyo nakudai thawabu. Anawaambia mlango haufunguliwi hivyo, kwani neema ni zawadi. Yakobo anajibu watu waliokwisha kuingia, ambao wanamwona ndugu mwenye njaa, wanamwambia "nenda kwa amani, ukaote moto na kushiba," kisha hawampi kitu. Paulo mwenyewe, katika waraka kwa Waefeso, anasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo, na mstari unaofuata anasema tuliumbwa ili tutende matendo mema. Matendo ni matunda, na hakuna mkulima anayefunga maembe kwenye mti kwa kamba ili uwe mwembe. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya fundisho hili, wakikubaliana katika kiini chake. Wamethodisti waliungana nao mwaka 2006. Bado kuna tofauti za maelezo, ila anayekuambia leo kwamba Wakatoliki wanafundisha kununua mbingu kwa matendo, au kwamba Walutheri wanafundisha kuamini kisha kuishi utakavyo, amepitwa na habari.

Kanuni yenyewe ilitoka wapi? Kuna simulizi ya kale kwamba mitume kumi na wawili walikaa pamoja, kila mmoja akatoa sentensi yake. Ni simulizi nzuri, ila wanahistoria hawaikubali. Ile tuiitayo Imani ya Mitume ilikua polepole kutokana na ubatizo katika Kanisa la Roma. Anayebatizwa aliulizwa mara tatu: je, wamwamini Baba? Je, wamwamini Mwana? Je, wamwamini Roho Mtakatifu? Kila mara alijibu "naamini," na kila mara alizamishwa majini. Maneno yake tunayoyatumia sasa yalikamilika karibu karne ya 8. Kwa hiyo, kabla ya kuwa orodha ya mafundisho, Kanuni ilikuwa jibu la mtu aliyelowa maji akiahidi kitu, jambo lililo karibu na kiapo cha ndoa kuliko mtihani.

Ile ndefu zaidi, ya Nikea, ina asili nyingine. Ilizaliwa katika ugomvi. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa juu kuliko vyote, lakini kiumbe: palikuwa na wakati ambapo hakuwako. Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea mwaka 325, nao wakaamua kwamba Mwana "amezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba." Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukakamilisha sehemu ya Roho Mtakatifu. Lakini usidhani amri ya Nikea ilimaliza maneno. Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyeitetea, alifukuzwa mjini mwake mara tano, na makaisari waliofuata wakawa mara upande huu, mara upande ule.

Kwa nini kugombana hivyo kwa ajili ya neno moja? Hoja ya Atanasi, ukiivua nguo za falsafa, ni rahisi. Ukristo unadai kwamba katika Yesu, Mungu mwenyewe amekuja kwetu. Kama aliyekuja ni kiumbe tu, basi Mungu hakuja, alituma mtu. Na kiumbe hawezi kutugawia kile asichokuwa nacho.

Utatu hausemi kuna miungu watatu, na Mkristo anayeuelezea hivyo amewakosea hata Waislamu wanaomuuliza. Unasema Mungu ni mmoja, na kwamba katika umoja huo kuna Nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mifano tunayopenda kuitumia karibu yote inavunjika mkononi. Maji yanayoganda na kugeuka mvuke ni mfano mbaya, kwa sababu unasema Mungu hubadilisha sura, leo Baba, kesho Mwana, na kosa hilo Kanisa lililikataa mapema, karne ya 3. Jua, mwanga na joto ni afadhali kidogo, ila joto halimpendi mtu. Naona ni heri kuanza na sentensi fupi ya Yohana: Mungu ni upendo. Upendo unahitaji wa kupendwa. Kama Mungu alikuwa upendo kabla ya kuumba chochote, basi ndani yake mwenyewe kulikuwa na kupenda na kupendwa. Yeye hakuumba ulimwengu kwa sababu ya upweke.

Hilo lina kazi Jumatatu. Anayeamini kwamba chini ya vitu vyote kuna nguvu tupu, atatumia nguvu. Anayeamini kwamba chini ya vitu vyote kuna upendo, tena upendo ulioinama kuosha miguu ya wavuvi, hana ruhusa ya kuwa baba wa kutisha wala bosi wa kudhalilisha watu, halafu akajiita mfano wa Mungu Baba. Hata sala yake inapata umbo: Mkristo humwomba Baba, kwa njia ya Mwana, katika Roho.

Sehemu nyingine za Kanuni nazo zimeficha ugomvi wa zamani. "Muumba wa mbingu na nchi" yaonekana maneno ya kawaida kabisa, mpaka ukumbuke kwamba Marcion, aliyetengwa na Kanisa la Roma mwaka 144, alifundisha kwamba aliyeumba ulimwengu huu ni mungu mwingine, wa chini, na kwamba vitu vya kushikika ni gereza. Kanisa likasema hapana: udongo, mwili, chakula na ndoa ni kazi ya Mungu yuleyule aliyemtuma Kristo. Na yule Pontio Pilato, mtu wa serikali asiye na utakatifu wowote, ametiwa katika maneno matakatifu ili kutia tarehe. Alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, na jiwe lenye jina lake lilichimbuliwa Kaisaria mwaka 1961. Imani hii inasema jambo lilitokea mahali fulani, chini ya mkuu fulani. Si hadithi ya "hapo zamani za kale."

Kuna pengo moja ambalo lazima lisemwe wazi. Kanuni inaruka kutoka "akazaliwa" hadi "akateswa," na katikati pana mkato tu. Mahubiri ya mlimani, mifano, wagonjwa walioponywa, karamu na watoza ushuru, vyote vimemezwa na alama hiyo. Ndiyo maana Kanisa halikuwahi kuiachia Kanuni ifanye kazi peke yake. Katekisimu za makanisa mengi huiweka pamoja na Amri Kumi na Sala ya Bwana: la kuamini, la kutenda, la kuomba. Luther alifanya hivyo katika katekisimu yake ndogo ya mwaka 1529, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inazo sehemu hizo tatu pamoja na sakramenti. Mtu anayejua Kanuni bila kuijua Mathayo sura ya 5 hadi ya 7 ana jalada la kitabu mkononi.

Sasa twende kwenye maneno ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo magumu kuliko yote katika Kanuni, na si Utatu. Ni "maondoleo ya dhambi." Utatu unaichosha akili, haya yanachosha moyo.

Kanisa la kwanza lilijua ugumu wake. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu watoe dhabihu kwa miungu ya Roma na wapewe cheti cha kuthibitisha. Wakristo wengine walikataa, wakafa au wakafungwa. Wengine walitoa dhabihu, na wengine wakanunua cheti bila kutoa. Mateso yalipotulia, waliokana wakarudi wakibisha hodi. Fikiria umekaa ibadani, mume wako aliuawa kwa kukataa, na kando yako anaketi mtu aliyenunua cheti. Novatian, kasisi wa Roma, na wafuasi wake walisema watu hao wasipokewe tena kamwe. Cyprian, askofu wa Karthago, na wenzake waliamua wapokewe, baada ya toba ndefu. Kanisa lilimfuata Cyprian, na hapo ikajulikana kwamba "maondoleo ya dhambi" yanahusu pia dhambi iliyokuumiza wewe, ya mtu unayemjua kwa jina.

Yesu aliliweka jambo hili kwa hesabu. Mtumishi mmoja alidaiwa talanta elfu kumi, akasamehewa, akatoka nje, akamkaba mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Deni la kwanza, basi, ni siku za kazi milioni 60. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, utalilipa kwa miaka 200,000. Deni la pili, kwa hesabu hiyohiyo, ni miezi minne. Angalia kwamba hata deni dogo si dogo. Miezi minne ya jasho ni hasara ya kweli, na Yesu hakusema si kitu. Alisema tu liwekwe kando ya lile lingine.

Nisikilizwe vizuri hapa, maana fundisho hili limetumiwa vibaya mno. Kusamehe ni kuacha kudai kisasi. Paulo anasema kisasi ni juu ya Bwana, na Kanuni inamtaja atakayekuja kuwahukumu walio hai na wafu, ili mimi nisijitwike kazi hiyo. Kusamehe si kusahau, wala si kusema halikutokea. Mtu anayepigwa nyumbani hakuamriwa na Injili arudi kupigwa, na mwizi aliyesamehewa anaweza kurudisha alichoiba na kusimama mbele ya hakimu. Kupatana kunahitaji watu wawili na ukweli. Kusamehe kunaweza kuanza na mmoja, na mara nyingi kunachukua miaka, kwa kurudiarudia. Petro aliuliza kama mara saba zatosha, akajibiwa sabini mara saba. Wahubiri hulisoma hilo kama idadi ya makosa ya mwenzako. Mimi hulisoma pia kama idadi ya mara ambazo moyo wangu utalifufua kosa lilelile moja.

Ufufuko wa miili ni fundisho ambalo Wakristo wengi hulitamka bila kuliamini. Ukiwauliza, watakuambia roho huruka kwenda mbinguni na mwili huachwa kama nguo kuukuu. Hayo ni mawazo ya wanafalsafa wa Kiyunani zaidi kuliko ya Paulo, ambaye katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho anafananisha mwili na mbegu inayozikwa na kuota. Kama mwili utafufuliwa, basi kuuhudumia ni ibada. Basili, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, karne ya 4, alijenga nje ya mji mahali pa kuwatunza maskini, wageni na wagonjwa, pamoja na wenye ukoma. Miaka michache kabla ya hapo Kaisari Juliano, aliyetaka kuirudisha dini ya miungu ya kale, aliandika kwa uchungu kwamba hao Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Ushahidi wa adui una uzito wake.

Juu ya Kanisa nitapita haraka. "Katoliki" maana yake ni la wote, la mahali pote, na neno hilo lilikuwako karne nyingi kabla ya makanisa kugawanyika. Madhehebu mengine huweka "la Kikristo" mahali pake ili kuepusha mkanganyiko. Ushirika wa watakatifu Wakatoliki na Waorthodoksi huuelewa kuwa unawajumuisha waliotangulia, ambao wanaweza kuombwa watuombee, ilhali Waprotestanti kwa kawaida hawaombi hivyo. Makanisa ya Mashariki, yaani ya Waorthodoksi, na ya Magharibi yanatofautiana pia juu ya maneno "na Mwana," yaliyoongezwa Magharibi katika sentensi ya Kanuni ya Nikea inayosema Roho hutoka kwa Baba. Ni mojawapo ya sababu za mtengano uliohesabiwa tangu mwaka 1054.

Roho Mtakatifu ndiye anayeleta mambo yote haya jikoni na kazini. Paulo, akiwaandikia Wagalatia, anataja tunda la Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Ni tunda moja, si matunda tisa ya kuchagua sokoni. Na neno lililotafsiriwa "uaminifu" hapo, katika Kiyunani, ni lilelile linalotafsiriwa "imani" kwingine. Mafundi wa tafsiri walilazimika kuchagua moja. Paulo hakuchagua.

Agostino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, aliwashauri waliokuwa wakijiandaa kubatizwa waiseme Kanuni kila siku, walalapo na waamkapo, na waitumie kama kioo cha kujitazamia. Ni shauri lenye kutumika. Badala ya kuipitia yote kwa pumzi chache, mtu anaweza kuchukua sentensi moja kwa wiki na kuiuliza swali: kama nampa huyu ufunguo wa nyumba, ni chumba gani bado nimekifunga? Kuna wiki ambayo jibu litakuwa fedha. Kuna wiki litakuwa jina la mtu. Ndiyo maana pia Sala ya Bwana inasema "utupe leo riziki yetu," ikaweka *leo*, ikaweka *utupe*. Hakuna "unipe" popote ndani yake.

Na siku ambayo maneno hayapandi? Injili ya Marko ina baba mmoja aliyemleta mwanawe mgonjwa, akaambiwa yote yawezekana kwake aaminiye. Akalia kwa sauti: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Ni kanuni ya imani fupi kuliko zote, na nusu yake ni ungamo la shaka. Yesu hakumwambia arudi atakapokuwa ameikamilisha. Alimshika mkono mtoto, akamwinua, naye akasimama.